Microsoft Office, LibreOffice, WPS au Google Docs: ipi inafaa kompyuta yako hapa Visiwani?

Kabla hujamwambia fundi akuwekee Word, jiulize faili lako likitoka mikononi mwako linakwenda kwa nani. Risala ya kumsomea mgeni rasmi huandikwa nyumbani Bububu, ikapelekwa kwa flashi kwenye duka la kuprinti Darajani, kisha ikarudi kwa katibu wa kamati aongeze majina yaliyosahauliwa. Hesabu za kikundi cha wakulima wa mwani Paje hutoka kwenye laptopu ya mshika fedha hadi kwa mkaguzi. Utafiti wa mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA hwenda kwa msimamizi ukarudi umejaa masahihisho. Watu hawa hawahitaji programu moja. Wengi wanaochagua vibaya huitazama kompyuta yao peke yake, wakaisahau ya yule atakayelipokea faili.

Ninazozilinganisha hapa ni programu za kuandikia na kupigia hesabu: Microsoft Office kwa namna zake mbili za kuuzwa, LibreOffice, WPS Office, ONLYOFFICE na Google Docs. Apache OpenOffice nimeiacha kwa makusudi, ingawa bado mafundi wengine huiweka. Inafungua faili za docx, yaani za Word, lakini haiwezi kuhifadhi kwa docx, na maendeleo yake yamezorota tangu wengi wa waliokuwa wakiijenga walipojitenga mwaka 2010 na kuanzisha LibreOffice. Ukiikuta kwenye kompyuta yako, iondoe uweke LibreOffice. Ni ndugu wa tumbo moja, na faili zako za zamani zitafunguka kama kawaida. Pages na Numbers za Apple nazo ni za wenye Mac tu, sitazigusa.

Fedha, na suala la krak

Microsoft inauza kwa njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni Microsoft 365, ambayo unailipia kila mwaka au kila mwezi. Kwa bei ya Marekani, toleo la mtu mmoja ni dola 99.99 kwa mwaka, unaweza kulitumia kwenye vifaa 5 kwa wakati mmoja, na unapata terabaiti 1 ya kuhifadhi faili mtandaoni. Toleo la familia ni dola 129.99 kwa watu hadi 6, kila mmoja na terabaiti yake. Ukigawa, kila mtu hafikii dola 22 kwa mwaka. Nyumba yenye wanafunzi watatu na baba anayefanya kazi za ofisi isifikirie hata kidogo toleo la mtu mmoja.

Njia ya pili ni Office 2024, unayoinunua mara moja tu kwa kompyuta moja. Toleo la nyumbani lilipotoka mwaka 2024 liliuzwa dola 149.99, lina Word, Excel, PowerPoint na OneNote. La biashara liliuzwa dola 249.99, nalo linaongeza Outlook. Haliletewi mambo mapya, ila litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2029. Kwa mtu asiyependa deni la kila mwaka hili ndilo la kwake.

Tazama pia unatumia toleo gani sasa. Office 2016 na Office 2019 ziliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Zinafanya kazi bado, lakini tundu la usalama likigunduliwa hakuna atakayeliziba. Office 2021 nayo mwisho wake ni Oktoba 2026. Mtu akikuuzia leseni ya 2019 leo kwa bei nafuu, anakuuzia kitu ambacho mwenyewe alishakiacha.

LibreOffice haina bei. Ni programu huria inayosimamiwa na taasisi ya The Document Foundation, yenye makao Berlin, na leseni yake inakuruhusu kuitumia nyumbani, skuli, dukani au wizarani, kwenye kompyuta moja au mia, bila kumuomba mtu ruhusa. ONLYOFFICE ya kompyuta ya mezani nayo ni huria na ya bure. WPS ina toleo la bure lenye matangazo na toleo la kulipia. Google Docs ni ya bure kwa mwenye akaunti, na gigabaiti 15 unazopewa zinagawanywa pamoja na barua pepe na picha zako.

Halafu kuna Office ya krak, yaani iliyovunjwa leseni, ambayo kwa kweli ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta zetu. Nitasema wazi ninavyoona. Programu ya kuvunjia leseni mara nyingi inakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, kisha uipe ruhusa ya kugusa kila kitu ndani ya mashine. Hakuna namna ya kujua imeacha nini nyuma. Duka la kuprinti lenye mashine kama hiyo linapokea flashi za watu kutwa nzima, na virusi vikiingia vinasafiri na flashi hizo hadi kwenye nyumba na ofisi za wateja. Na juu ya hatari hiyo lipo jambo la haki ya mtu. Tunaofundisha watoto kwamba mali ya mwenzako hailiwi bila ridhaa yake hatuna udhuru, hasa pale ambapo kuna programu iliyotolewa bure na mwenyewe kwa moyo mkunjufu.

Kwa nini barua inaharibika ikifika dukani

Malalamiko makubwa juu ya LibreOffice ni kwamba barua iliyopangwa vizuri nyumbani ikifunguliwa kwenye Word inavunjika: kichwa kinashuka, jedwali linakatika, ukurasa mmoja unakuwa miwili. Mara nyingi kosa ni la fonti, na linatibika.

Kuanzia Office 2007 Word ilifanya Calibri na Cambria kuwa fonti zake za kawaida, na matoleo mapya yameleta Aptos. Hizi ni mali ya Microsoft, LibreOffice haiwezi kuzigawa. Badala yake inakuja na Carlito na Caladea, zilizochongwa ili kila herufi ichukue upana uleule wa Calibri na Cambria. Times New Roman na Arial nazo zina wenzao, Liberation Serif na Liberation Sans. Kwa hiyo barua ya Times New Roman hupita kutoka Word kwenda LibreOffice mistari ikabaki pale pale. Aptos haina mwenzake, na hapo ndipo mistari inapohama. Ukijua faili lako litapita mikono ya watu wenye programu tofauti, liandike kwa Times New Roman au Arial tangu mwanzo.

Sababu ya pili ni aina ya faili. LibreOffice kwa kawaida huhifadhi kwa odt, ambayo ni ya kiwango cha kimataifa kilichopitishwa na ISO mwaka 2006, na Word inaweza kuifungua tangu mwaka 2009. Ila mwenye duka akiiona odt hushtuka, wengine wakakwambia faili limeharibika. Nenda kwenye menyu ya Tools, ingia Options, kisha sehemu ya Load/Save, uiamuru ihifadhi kila waraka wa maandishi kwa docx. Unafanya mara moja tu, na mwenye duka hashtuki tena.

Sababu ya tatu ni karatasi. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani, na karatasi ya huko ni Letter, fupi na pana kidogo kuliko A4 tunayotumia sisi. Ukiandika kwenye Letter na mashine ya kuprinti ina A4, pambizo zinahama. Badilisha mpangilio wa eneo uwe Tanzania, kwenye Windows na ndani ya LibreOffice pia, kwa sababu LibreOffice ina mpangilio wake wenyewe.

Kama faili limeshakamilika na halitaguswa tena, lipeleke dukani kwa PDF. Programu zote nilizozitaja zinatoa PDF bila malipo. LibreOffice ina kitu kizuri zaidi ambacho wengi hawakijui: inaweza kutoa PDF iliyobeba ndani yake faili la asili. Duka linaprinti kama PDF yoyote, na wewe ukirudi nyumbani unalifungua hilo hilo kwa LibreOffice na kulihariri.

Kwa masahihisho ya kurudi na kwenda, kama ya msimamizi wa utafiti, Word bado iko mbele. LibreOffice inayaona masahihisho na maoni ya Word na inayarudisha, na kwa sura moja au mbili haina tatizo. Lakini utafiti wa kurasa 150 wenye majedwali, picha, yaliyomo yanayojijaza yenyewe na maoni ya watu watatu, ukipita programu mbili tofauti mara nyingi, kitu kitahama tu. Kama msimamizi wako anatumia Word, tumia Word. Uorodheshaji wa marejeo usikufunge: Zotero ni ya bure na inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs.

Kiarabu na Kiswahili kwenye ukurasa mmoja

Ushauri mwingi unaotoka nchi nyingine hauligusi jambo hili, na kwetu ni la kila wiki. Ustadhi anaandaa khutba ya Ijumaa, maelezo kwa Kiswahili, aya na hadithi kwa Kiarabu chenye irabu. Mwalimu wa dini skuli anatunga mtihani. Chuo kinatoa vyeti vya waliohitimu kuhifadhi. Programu inayofaa lazima iweze kugeuza aya itoke kulia kwenda kushoto, iunganishe herufi vizuri, iziweke irabu mahala pake, na ikuachie ukubwa wa Kiarabu tofauti na wa Kiswahili.

Word inafanya haya yote kwa wepesi. Ukiongeza Kiarabu kwenye lugha za Windows, vitufe viwili vya kugeuza aya hujitokeza vyenyewe, na ukibonyeza Ctrl pamoja na Shift ya mkono wa kulia aya inageuka. Kwa Shift ya kushoto inarudi. Kuna jambo moja linalowatesa watu wakibadilisha kompyuta. Fonti walizozizoea, Traditional Arabic, Simplified Arabic na Sakkal Majalla, kwenye Windows 10 na 11 zimewekwa katika kifurushi cha hiari ambacho hakishuki mpaka uongeze Kiarabu. Mtihani uliopendeza kwenye mashine ya zamani unafunguka kwa fonti nyingine kwenye mpya, nafasi zote zimevurugika, na Word ikalaumiwa bure. Ongeza lugha, subiri kifurushi kishuke, fungua tena.

LibreOffice inahitaji kuambiwa kwanza. Kwenye Tools, Options, sehemu ya lugha, weka alama kwenye kisanduku cha Complex text layout. Baada ya hapo njia ya Ctrl na Shift inafanya kazi vilevile. Na hapa LibreOffice ina zawadi yake: inakuja na fonti Amiri na Scheherazade. Amiri imeiga naskhi ya matbaa ya Bulaq ya Cairo, ile ile sura ya herufi ambayo wengi wetu tumeisomea vitabu chuoni. Kwa macho yangu hakuna fonti ya bure iliyo nzuri zaidi kwa maandishi yenye irabu. Mwenye Word naye anaweza kuishusha Amiri bure na kuiweka, na namshauri afanye hivyo.

Programu zote mbili zinakuwezesha kupanga ukubwa wa Kiarabu peke yake ndani ya mtindo wa aya. Panga Kiswahili 12 na Kiarabu 18, na ukibadilisha kibodi katikati ya mstari herufi zitajikuza zenyewe. Watu wengi huteua kila aya na kuikuza kwa mkono, kazi ya saa nzima isiyo na haja. Nafasi kati ya mistari usiifunge kwa kipimo kamili kinachoitwa Exactly, kwani irabu za juu na za chini zitakatwa vichwa. Tumia kipimo kinachotanuka.

Wanaofanya kazi na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama wale wanaonakili tenzi na barua za kale, wanahitaji pia herufi za pe, che na ve ambazo kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina zote. Zimo ndani ya Amiri na Scheherazade, na unaweza kuziingiza kupitia menyu ya alama maalumu. Kazi hii inastahili watu wengi zaidi kuliko ilio nao sasa.

Google Docs nayo inageuza aya na inayo Amiri, kwa khutba fupi inatosha. ONLYOFFICE siwezi kumpa ustadhi. Mwelekeo wa kulia kwenda kushoto ilianza kuletewa mwaka 2024, tena kwa majaribio, na kazi ya dini haitaki programu ya kujaribia.

Hesabu

Kwa kikundi cha kuweka na kukopa, daftari la duka la Mlandege, au kumbukumbu za karafuu zilizochumwa na vibarua waliolipwa huko Konde, Excel na Calc ya LibreOffice ni sawa. Zote zina mistari 1,048,576, na tangu mwaka 2022 Calc imefikia safu 16,384 kama Excel. Fomula za kujumlisha, kuhesabu kwa masharti na kutafuta zinaandikwa kwa majina yaleyale. Hata XLOOKUP, ambayo ilikuwa fahari ya Excel mpya, imo kwenye Calc kuanzia toleo la 24.8.

Excel inaipita Calc kwa makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili kazi ijifanye yenyewe. Hoteli nyingi za Nungwi na Kiwengwa zina majedwali ya mishahara au ya vyumba yaliyoandikiwa makro za VBA, lugha ya makro ya Microsoft, na mhasibu fulani miaka iliyopita. Calc inazielewa kwa sehemu tu, na sehemu hiyo haitoshi kulipia watu mishahara. Jambo la pili ni Power Query, zana ya Excel ya kuunganisha data za faili nyingi, ambayo mhasibu anayekusanya faili za matawi kumi kila mwezi akishaizoea hawezi kuiacha. Kama kazi yako ni hiyo, lipia Excel. Fedha yake itarudi.

Kinachowaumiza wengi zaidi kuliko makro ni tarehe. Ukiandika 3/5/2025 unakusudia tarehe 3 Mei. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani inaisoma 5 Machi na haikwambii kitu. Ukiandika 13/5/2025 inashindwa kuielewa na kuiacha kama maneno, ikaegemea kushoto mwa kisanduku. Ukiona kwenye safu moja tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, simamisha kazi, kwa sababu hata zile za kulia huenda mwezi na siku vimebadilishana. Excel inafuata mpangilio wa Windows, Calc inafuata wake, na dawa ni ile ile ya karatasi: weka Tanzania kote. Fanya hivyo kabla ya kuandika hata mwanachama mmoja, maana tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi.

Slaidi sitaki kuzichelewesha. PowerPoint ni bora, Impress ya LibreOffice inatosha, na ukiwa na michezo mingi ya maandishi na picha kuingia na kutoka basi chukua kompyuta yako mwenyewe ukumbini.

Bando, umeme na kompyuta kongwe

Microsoft 365 inataka iguse mtandao angalau mara moja kwa mwezi ili ihakikishe umelipa. Isipofanya hivyo, au malipo yakikatika, utaweza kusoma na kuprinti faili zako lakini si kuhariri. Kuishusha mara ya kwanza ni gigabaiti kadhaa. Faili la LibreOffice ni kama megabaiti 350, na jirani akishalishusha anaweza kukupa kwa flashi, kihalali kabisa, nawe ukampa mwingine. Kwa skuli ya shamba yenye maabara ya kompyuta na bando la kubahatisha, tofauti hiyo peke yake inamaliza mjadala.

Google Docs ina sifa ambayo nyingine zinaifuata kwa mbali. Katibu akiwa Wete na mwenyekiti Mji Mkongwe wanaweza kuandika waraka mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona kalamu ya mwenzake, bila flashi kuvuka kwa boti. Microsoft 365 inafanya hivyo pia. LibreOffice ya kwenye kompyuta haifanyi. Google Docs inaweza kufanya kazi bila mtandao kwa kupitia Chrome, lakini lazima uwashe uwezo huo mapema ukiwa mtandaoni, na wengi hukumbuka mtandao ukishakatika.

Umeme nao. Tunaokumbuka giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuhimizwa, lakini hata leo kukatika kwa dakika tano kunatosha kuizima kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Word na LibreOffice zote hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Dakika 10 ni nyingi. Punguza ziwe 2 kwenye mipangilio ya kuhifadhi. Google Docs huhifadhi kila unapoandika, ndiyo faida yake kwa mtu mwenye mtandao wa uhakika. Na usihariri faili likiwa ndani ya flashi. Linakili kwenye kompyuta, lifanyie kazi huko, kisha lirudishe.

Kompyuta za mtumba ndizo zinazoamua kwa wengi wetu. Microsoft 365 inataka angalau gigabaiti 4 za RAM, na kwa uzoefu wa kawaida gigabaiti 4 ni za kuvumilia tu. LibreOffice inakwenda kwenye mashine dhaifu kuliko hiyo. Toleo lake la 25.8 la Agosti 2025 liliacha kuzihudumia Windows 7 na 8, kwa hiyo mwenye mashine ya namna hiyo atumie toleo la nyuma, au bora zaidi aweke Linux Mint, mfumo huria unaokaa badala ya Windows, ambao LibreOffice imo ndani yake tayari. Windows 10 nayo Microsoft iliiacha siku ile ile ya 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima za hapa haziwezi kupokea Windows 11. Kuzitupa ni hasara isiyo na sababu. Linux na LibreOffice zinaipa mashine ya skuli miaka mingine ya kazi.

Kiswahili kwenye menyu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa menyu zake kwa Kiswahili, na Microsoft nao wakafuata kwa kifurushi cha Kiswahili cha Office 2003. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ya Tanzania bado imo ndani ya LibreOffice. Ukiiweka programu chagua njia ya Custom uitie alama, vinginevyo haitawekwa. Usiitegemee sana. Vitenzi vyetu vinavyobeba viambishi vingi hupigiwa mstari mwekundu ingawa ni sahihi. Hata hivyo inakamata makosa ya vidole, na kwa risala itakayosomwa mbele ya watu hilo si dogo.

Na WPS?

Wengi wanaijua kutoka kwenye simu. Ni ya kampuni ya Kingsoft ya China, inafanana na Microsoft Office kwa sura kiasi kwamba mtu haulizi kitufe kiko wapi, na inahifadhi kwa docx. Kwa anayehama kutoka Word ya krak, ndiyo rahisi kuzoea. Mimi siipendekezi kwa ofisi. Toleo la bure linakuwekea matangazo katikati ya kazi, mambo mengi ya PDF unayaona kwenye menyu lakini ukiyagusa unaambiwa ulipe, na inakusukuma uingie akaunti na kuweka faili zako kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Ofisi inayoshika vyeti vya kuzaliwa au taarifa za wagonjwa isiruhusu faili zake zipelekwe pahala bila mkuu wa ofisi kuamua.

Anayetaka sura ya Word bila bei na bila matangazo aitazame ONLYOFFICE. Inafanya kazi moja kwa moja kwa docx na xlsx ya Excel, na majedwali ya Word hukaa vizuri ndani yake. Nimeshasema inapoanguka, Kiarabu. LibreOffice nayo inaweza kuvaa sura ya vichupo kama ya Word: kwenye menyu ya View chagua User Interface, kisha Tabbed. Wengi wanaosema LibreOffice ni ngumu hawajawahi kuonyeshwa hilo.

Nani achukue ipi

Ustadhi, mwalimu wa skuli, katibu wa kamati, mwenye duka la kawaida na kikundi cha akina mama: LibreOffice, iliyopangwa ihifadhi kwa docx, na Kiarabu kimewashwa. Hamtakosa kitu mnachokihitaji.

Mwanafunzi wa chuo kikuu: LibreOffice mwaka wa kwanza na wa pili, Word ukianza utafiti. Kabla ya kulipa, uliza chuoni kama wanatoa Microsoft 365 kwa wanafunzi, maana Microsoft ina mpango wa elimu kwa vyuo. Kama hawatoi, Word ya bure ya kwenye brauza, yenye gigabaiti 5 za hifadhi, inatosha kusoma maoni ya msimamizi na kuyajibu.

Mhasibu wa hoteli na ofisi inayobadilishana nyaraka na wafadhili kila siku: Microsoft ya kulipia, bila kusitasita. Saa za watu zinazopotea kurekebisha majedwali ni ghali kuliko leseni.

Jumuiya yenye watu Unguja na Pemba: waraka uandikwe kwenye Google Docs, ukikamilika ushushwe kwa PDF na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi, isije akaunti ya mtu mmoja ikawa ndiyo kabati la jumuiya nzima.

Mwenye duka la kuprinti ndiye peke yake anayehitaji zaidi ya moja, kwa sababu yeye hachagui faili la kupokea. Word yenye leseni na LibreOffice zinakaa kwenye kompyuta moja bila kugombana. Aweke na fonti za Amiri, Scheherazade, Carlito na Caladea kwenye Windows yenyewe, aongeze Kiarabu kwenye lugha ili kile kifurushi cha Traditional Arabic kishuke, na abandike mlangoni kwamba faili la PDF linaprintiwa kama lilivyo. Mteja mwenye odt asirudishwe nyumbani tena.